Askofu Aliyeombewa Kati ya Walio Hai

Kisa hiki alikisimulia kwanza mtawa Hersenda wa mji wa Belmarza, katika nchi ya Shamu iliyotawaliwa na Wafaranki, Wakristo waliotoka Ulaya, mwaka ule tetemeko lilipoangusha mnara wa kanisa kuu.

Inasimuliwa kwamba Askofu Odilardo alitekwa vitani pamoja na katibu wake, Padri Guntramu. Miaka ikapita. Padri akaachiliwa, akarudi amechoka, miguu imevimba kwa pingu. Askofu alibaki kifungoni.

Kwa sheria ya kanisa, maadamu askofu yu hai, kiti chake hakipati mrithi. Na bila askofu hakuna wa kubariki mafuta matakatifu. Ya Belmarza yalikuwa yamekwisha, na wagonjwa walikufa bila kupakwa.

Mkuu wa mapadri wa kanisa kuu, Padri Evrardo, akamjia Guntramu.

"Ndugu yangu, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Tusomee Misa ya wafu, umtaje kati ya marehemu. Watu watasadiki, nasi tutakuchagua wewe uwe askofu."

"Nilimwacha yu hai, Padri. Alikuwa akinung'unikia uji."

"Mzee kama yule, gerezani! Ameshakufa."

"Huenda. Mimi sijui."

"Hatukuombi ujue. Tunakuomba usome."

Guntramu hakuwa na nguvu za kubishana. Alitamani kukaa tu, popote, hata katika kiti cha askofu. Akavaa mavazi meusi, akasimama mbele ya jeneza tupu. Alipofika kwenye sala ya kuwaombea walio hai, mahali pa kumtaja askofu, ilimpasa apite bila kutaja jina, kana kwamba kiti ki wazi.  Lakini akasema, "Na mtumishi wako Odilardo, askofu wetu."

Kanisa likavuma. Mwanamke mmoja, Osana, ambaye mumewe alikuwa mahututi, akapaza sauti: "Na mume wangu nimpake nini, Padri? Mate yako?"

"Sina la kukupa, mama. Nitakuja kukaa naye."

Akaenda, akakaa naye hadi alipokata roho.

Mwaka uliofuata Odilardo alirudi juu ya punda, hana jino hata moja. Akauliza langoni, "Nani amekalia kiti changu?"

"Hakuna, Baba," akajibu Guntramu. Mzee akalia kama mtoto.

Tusidhani mja mwema Guntramu alishangilia. Mafuta yalibarikiwa, lakini mume wa Osana alikuwa kaburini, na Guntramu alilijua hilo kila alipopita mlangoni kwao. Mwenyezi Mungu hakumwahidi mwenye kusema kweli kwamba atalala usingizi mzuri.

Hersenda aliposimulia haya, askofu na mapadri wote wawili walikuwa wameshafariki. Osana alikuwa angali hai.