Bangili Mguuni mwa Mbuzi

Ndugu zangu, nani hapa anakumbuka kuugua kwa zamani? Ukiugua, mkeka haukunjwi. Huyu kaja na uji wa ulezi, yule kaja na umbea wake, mwingine kaja kukucheka tu ulivyokonda. Unalalamika, "Mnanichosha!" na moyoni unaomba wasiondoke. Jamani, nimeikumbuka ile kelele!

Basi, kulikuwa na mama mmoja, mjane, moyo wake umechoka. Wanawe walimpenda, msije mkasema hawakumpenda. Walimpeleka hospitali kubwa, akawekewa kidude kifuani cha kuusaidia moyo, na mkononi akavishwa bangili ya kupima mapigo. Wanawe huko mjini wakawa wanayaona mapigo yake kwenye simu. Mama akapata miaka ambayo asingeipata. Lakini safari za kuja kumwona zikakoma. Waje kufanya nini, na simu inasema hajambo?

Hamu ya kuwaona ikamzidi. Asubuhi moja akamwita jirani yake.

"Shoga, mfunge mbuzi wangu bangili hii mguuni. Wakiona mapigo ya mbuzi watadhani nazidiwa, watakuja mbio."

"Makubwa! Na wakikasirika?"

"Wakasirike wakiwa hapa hapa."

Je, walikuja? Kaka mtu alitazama simu, akampigia dada yake. "Mama kaamka vizuri leo! Mapigo yana nguvu kuliko jana."

"Mungu ni mwema," dada akajibu, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Siku zikapita. Kisha jirani akampigia simu kaka mtu, analia. "Wanangu, njooni. Mama yenu ametutoka."

"Haiwezekani! Mbona naona hapa moyo unapiga?"

"Huo ni wa mbuzi, mwanangu."

Msitoke hapa mkamlaumu daktari. Dawa ni baraka, mashine ni baraka, na mwenye mzazi mgonjwa ampeleke akatibiwe. Lakini sisi tulipoomba mama aongezewe miaka, tuliiomba ya nini? Tukae naye, au tupate sababu ya kutokwenda? Kidude kile kilifanya kazi yake mpaka mwisho. Kazi yetu sisi tuliiachia bangili.

Leo tukitoka hapa, simu ikae mfukoni. Pika uji, nenda kwa mama, ukae mpaka akuambie unamchosha.