Kiti Kimoja cha Mbele na Watoto Watatu wa Mama Nietiwe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni hii ya juzi ambayo bando lilishapanda bei, mashirika ya ndege yaliamua kutupanga binadamu kama madini. Ukiruka kidogo, wewe ni Shaba. Ukiruka sana, wewe ni Fedha. Ukiruka mpaka wahudumu wanamjua mwanao kwa jina, wewe ni Dhahabu. Na sisi wengine, wenye vyeti vizuri ndani ya bahasha ya kaki, ni udongo. Udongo haupandi ndege. Unaitazama ikipita, halafu unarudi kufua ile soksi ya interview.

Basi sikilizeni. Walikuwepo watoto watatu wa Mama Nietiwe wa Same. Wapare hasa. Na nasema haya kwa kuwa na mimi ni wa huko huko: sisi tunaweza kupelekana mahakamani kwa sababu ya kuku, na tukishindwa tunakata rufaa kwa sababu ya manyoya.

Wa kwanza alikuwa Nakijwa, muuza mapazia wa Kariakoo. Huyu alikuwa akipanda ndege kwenda Guangzhou, anashuka, anachagua mzigo, anapanda tena, anashuka. Miaka yote alikaa kiti cha nyuma kabisa, kile ambacho hakilali, jirani na choo, mpaka mgongo ukagoma. Daktari alimwambia: safari ndefu ya kukaa wima, sasa basi.

Wa pili alikuwa Senkondo, fundi pikipiki, anayeishi nyumbani Same na mama. Mzima wa afya, shingo kama ya fahali. Shikeni hilo la uzima, maana ndilo lililomponza.

Wa tatu alikuwa Mbonea, kitinda mimba, digrii ya takwimu, upper second, kazi hakuna. Mimi naye tulimaliza chuo mwaka mmoja na tukaanza kukaa bure siku moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilala kwenye sofa la dada yake, mimi nalala kwenye godoro la shangazi.

Sasa mtu wa takwimu asiye na kazi ni hatari kuliko moto. Siku moja Mbonea alikuta droo ya dada yake imejaa vipande vya bodingi pasi, vile vya kupandia ndege, ameviweka vya kufutia miwani.

"Dada, hizi safari umeziandikisha wapi?"

"Kuziandikisha? Kwani nilizaa?"

"Dada! Kila safari ina pointi. Pointi zinaleta kadi. Kadi inaleta kiti cha mbele. Umekuwa ukiitupa Dhahabu kwenye droo!"

Nakijwa alicheka. "Cha mbele wanapewa waliovaa suti."

Hapo Mbonea akasimama katikati ya sebule, na kaptura yake iliyochanika, akatoa mhadhara. Suti haina kazi, dada. Tabasamu halina kazi. Ndege ikijaza watu nyuma kuliko viti, na mbele kuna nafasi, mashine ndiyo inayochagua wa kusogezwa mbele. Kwanza inaangalia kadi. Waliolingana kadi, inaangalia nani alikata tiketi ya bei ya juu. Waliolingana na hapo, nani aliwahi kujisajili. Mtu wa peke yake anapita haraka, waliofungana kwenye tiketi moja wanasubiri. Asiye na kadi, hata avae taji, anabaki na goti la mwenzake mgongoni.

Ndugu zangu, kijana alifundisha vizuri kuliko mhadhiri aliyemfundisha yeye. Tatizo hakuna aliyemlipa.

Akadai pointi zile zilizoachwa. Akaandika barua pepe, akajibiwa na roboti, akamtukana roboti, akaandika tena. Nakijwa akawa Shaba. Akawa Fedha. Mwezi wa Desemba mwishoni, Dhahabu ikabaki safari moja tu, na mwaka ukigeuka, hesabu inaanza upya.

"Nenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, urudi," Mbonea akasema. "Panda, shuka, usitoke nje ya uwanja, panda, rudi Dar. Basi."

"Nifike KIA, nisiende kwa mama?"

"Huendi Same, dada. Unaenda Dhahabu."

Nakijwa akapanda, akashuka. Akanywa soda pale pale uwanjani, akapanda, akarudi. Kadi ikaja, nzuri, inang'aa.

Lakini ndani ya ile ndege alikuwemo mzee wa kanisa kutoka Same. Akapiga simu: "Mama Nietiwe, binti yako nimeshuka naye!" Mama akainjika makande. Akafagia ua. Akabadilisha shuka. Akakaa kwenye kigoda akiangalia njia. Jua likazama, na makande yakaganda kwenye sufuria.

Asubuhi akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Mwanamke aliyefika mlangoni kwangu akageuza, huyo mimi sikumzaa."

Hapa ndipo Senkondo alipoingia. Alimpenda dada yake, na hakupenda kumwona mama analia juu ya sufuria. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakukipanga.

"Mama, usimlaumu Nakijwa. Aliniletea mimi dawa. Nilizifuata pale uwanjani kimya kimya, nikamsihi arudi, usije ukashtuka. Mimi naumwa."

"Unaumwa nini, mwanangu?"

Senkondo akatazama juu, akatazama chini. "Figo."

Jamani! Angesema jino, yangeisha. Akasema figo. Mama akampigia Nakijwa kumwomba radhi, wakalia wote wawili kwenye simu, amani ikarudi. Lakini kuanzia siku ile Senkondo aliamshwa na mwarobaini uliochemshwa, akalazwa na mwarobaini. Akaombewa kila Jumapili, amepigishwa magoti mbele ya kwaya. Alikatazwa pikipiki, akakatazwa nyama. Na Navoneiwa, mchumba wake, ambaye mahari yake ilishaanza kuzungumzwa, wazazi wake walituma neno: hatumwozi binti yetu kwa mtu wa figo. Wakamwoza kule wilayani Mwanga, kwa mwenye duka la saruji.

Senkondo akameza mwarobaini. Angesema nini? Akisema ukweli, mama anampoteza Nakijwa kwa mara ya pili, na yeye mwenyewe juu.

Sasa tufike kwenye kiti.

Mwaka ulipokaribia kukatika, Nakijwa akapanga safari ya mwisho ya Guangzhou, kufunga hesabu na wenye kiwanda na kumtambulisha wakala wa kumtumia mzigo. Mama akasema: "Mchukue na kaka yako. Huko kuna hospitali kubwa, akapimwe." Nani angebisha? Na Mbonea akatafutiwa usaili huko huko, kwenye ghala la kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Kazi ya kuhesabu maboksi. Miaka minne ya takwimu, mjomba, ili uhesabu maboksi! Na nisiwadanganye, niliposikia niliona wivu. Bosi alimpa masharti: asubuhi ile ile ya kutua, moja kwa moja ofisini, mtihani wa kompyuta. Atakayesinzia asije.

Tiketi alikata Mbonea. Aliichagua ndege hiyo kwa hesabu zake: shule zinafungua, maonyesho ya biashara yanaanza, nyuma itajaa mpaka itapike, mbele kutabaki wazi. Na ndivyo ilivyokuwa.

Pale mlangoni, uwanja wa Dar, jioni, alisimama dada mmoja wa shirika, jina lake Aikande, Mchaga wa Machame, kwa hiyo mtani wetu. Akaita jina la Nakijwa.

"Hongera, mama. Nyuma tumezidi, mashine imekuteua. Kiti cha mbele, kinalala kama kitanda. Tena una bahati, maana mmefungana watatu kwenye tiketi moja, na kundi huwa tunaliacha mwisho. Dhahabu ndiyo imekuokoa."

Nakijwa akashika mgongo. "Mungu ni mwema."

"Ila kwa kuwa tiketi ni moja," Aikande akaendelea, "wewe mwenye kadi ukitaka, unaweza kumwachia mmoja wa wenzako. Niambie jina tu. Ndege inaondoka."

Laiti asingesema. Mpare ukimwambia kuna nafasi ya kubisha, umemfungulia mahakama.

Nakijwa akamgeukia Mbonea taratibu. "Hebu ngoja. Wewe ndiye uliyesema mtu wa peke yake anapita haraka. Kwa nini ulitufunga tiketi moja?"

Mbonea akakohoa. "Dada, ile ilikuwa... strategy."

"Ya nani?"

"Ya familia."

"Familia yenye usaili kesho asubuhi, siyo?"

Msomi alikuwa amenaswa, na msomi akinaswa anaongeza sauti. "Sawa! Nilitaka nilale! Lakini semeni, kadi hii ameizaa nani? Pointi nilizidai mimi. Desemba nililiona pengo mimi. Ndege hii nimeichagua mimi. Bila akili yangu bodingi pasi zingekuwa zinafuta miwani mpaka leo. Na kesho nikisinzia, narudi kwenye sofa lako, dada, nizeekee pale. Kiti ni changu."

Nakijwa akajibu bila kupaza sauti. "Akili yako ilikaa kwenye sofa. Aliyeruka ni huu mgongo. Kila pointi uliyoidai niliikalia mimi, wima, jirani na choo. Jina kwenye kadi ni langu, na mashine imeniita mimi. Nikifika nimepinda kama ndoano, wakala namtambulisha kwa nani? Duka likifa, na sofa limekufa. Kiti ni changu."

Senkondo alikuwa amebeba mabegi yote matatu. Akayaweka chini.

"Mmemaliza? Mmoja ana akili, mmoja ana mgongo. Mimi nina nini? Mimi sijawahi hata kupanda ndege. Ila safari ile ya KIA ndiyo iliyoleta Dhahabu, na safari ile nimeilipa mimi. Nimeilipa kwa mwarobaini. Nimeilipa kwa Navoneiwa, ambaye sasa ananyonyesha mtoto wa mtu wa saruji. Dada, ungekuwa na kadi tu, mama usingekuwa naye. Leo una vyote viwili. Mimi sina hata kimoja. Kiti ni changu."

Aikande alisahau kazi. "Watani zangu," akasema, "kesi mnasikiliza mpaka mlangoni mwa ndege?"

"Rufaa inasikilizwa angani," Mbonea akajibu, na hakuna aliyecheka.

Hapo simu ya Nakijwa ikaita. Mama. Akaiweka sauti ya nje, kwa mazoea.

"Mmeshapanda?"

"Bado kidogo, mama."

"Mgonjwa wangu mmemtafutia pa kulala? Nimeambiwa kuna vitanda huko mbele, na kwamba wewe ni mtu mkubwa huko kwenye ndege."

Nakijwa alifumba macho. "Kipo kimoja, mama."

"Kimoja kinatosha, mgonjwa ni mmoja. Nakijwa, nisikilize. Mara ile nilikukosea, nikasema maneno mabaya, kumbe ulikuwa umembebea kaka yako dawa. Nilijua siku ile kwamba nimezaa mtu. Mpe nimsikie."

Senkondo akapokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelala?"

"Bado nimesimama."

"Umesimama! Na figo hilo!"

Senkondo akafunika simu kwa kiganja, akamtazama dada yake. Macho yalikuwa mekundu. "Nimwambie? Sema neno moja, nimwambie sasa hivi mimi ni mzima, ukalale. Nimechoka kuumwa."

Nakijwa alikuwa ameegemea meza ya Aikande, mkono mmoja kiunoni, na mwingine umeshika kile kipande cha karatasi chenye namba ya kiti. Mbonea alinyoosha shingo, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo, akaufunga bila kutoa ushauri.

"Jamani, mlango nafunga," Aikande akasema. "Jina?"

Na mimi nawaachia hapo hapo, pale jina linaposubiriwa, na mama anaita "Haloo? Haloo?" ndani ya kiganja cha mwanawe. Nimeipigia kesi hii hesabu, nimechora mpaka jedwali, kwa kuwa muda ninao, Mungu anajua muda ninao. Nikilalia ubavu wa kulia napata Nakijwa. Nikigeuka kushoto napata Senkondo. Nikilala chali, ninampata Mbonea, na hapo najua nimejipendelea.

Basi jaribuni ninyi, wenye kazi na usingizi mzuri. Mmoja alitoa akili, na tamaa yake ndani. Mmoja alitoa mgongo, akageuzia mlangoni kwa mamaye. Mmoja alitoa uongo, na uongo huo ukamla yeye. Kiti ni kimoja, kinalala, na ndege haingoji Wapare.

Je, kati ya hao watatu, ni jina la nani lilistahili kutajwa?