Keki ya Bi Tulinagwe

Hapo zamani, enzi mkate wa Tukuyu ulipokuwa bado ukiokwa kwa kuni, aliishi mwoka mikate aitwaye Bi Tulinagwe. Mikate yake ilikuwa laini, ila duka lilikuwa uchochoroni na wateja walikuwa haba. Akiba yake ilitosha jambo moja tu: kibanda stendi ya mabasi, au pikipiki ya kupeleka mikate vijijini. Akikosea, tanuri linazimwa.

Usingizi ukamkimbia. Akamweleza mtoto wa kaka yake, Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha somo la biashara.

“Shangazi, hilo nalitia kwenye mtihani. Wanafunzi wachague moja wakushauri, tena kwa sababu.”

“Atakayenifaa kuliko wote nitamwokea keki!”

Majibu yakaja. Lusajo aliandika: “Afungue kibanda stendi.” Basi. Akaweka nukta, akalala juu ya dawati.

Atupele alijaza kurasa. Anunue pikipiki, kwa sababu vijijini hakuna mwoka mikate, kwa sababu watu wa huko hunywa chai alfajiri, kwa sababu barabara inapitika mwaka mzima.

Subilaga aliandika: “Asinunue chochote kwanza. Aazime pikipiki, ajaribu. Ikishindikana, aweke meza stendi, ajaribu.”

Bi Tulinagwe akasoma. Jibu la Lusajo akaligunia: “Huyu ananiamrisha kama mume!” La Atupele likamwingia moyoni, akafungua sanduku la akiba. Mkono ukasita alipofika kwenye jibu la Subilaga. Akafunga sanduku, akaazima pikipiki ya jirani.

Mvua ya Tukuyu ikampokea njiani. Pikipiki ikazama kwenye tope, yeye akaangukia kapu, mikate ikawa uji. Alirudi akiwa amelowa chapachapa, akicheka na kulia.

Kesho yake akaweka meza stendi. Abiria wakainunua mikate kama zawadi za kupeleka nyumbani, na meza ikabaki tupu kabla basi la Mbeya halijaondoka. Akajenga kibanda.

Keki ikaokwa. Wanafunzi watatu wakaizunguka.

“Ni yangu,” alisema Lusajo. “Kibanda nani alikitaja?”

“Ulibahatisha!” Atupele akamjia juu. “Mimi nilitoa sababu, na sababu hupimika. Alienda kuipima ya barabara, ndipo akaujua ukweli.”

“Angeipima wapi bila mimi?” aliuliza Subilaga. “Angekuwa na pikipiki topeni na sanduku tupu.”

“Lakini swali lilitaka uchague,” Mwalimu akamkumbusha. “Wewe hukuchagua.”

“Mwalimu, alama ni zako,” alisema Bi Tulinagwe. “Keki ni yangu, na siikati vipande.”

Akawatazama mmoja mmoja. Aliyepatia bila kueleza. Aliyeeleza vizuri akakosea. Aliyemwokoa bila kuchagua. Keki bado ya moto, na kila mmoja amenyoosha mikono.

Haya, ninyi mnaonisikiliza mkimeza mate: keki ampe nani? Je, nani alistahili?