Kicheko Kilichokatwa

Wapendwa, hizo simu ziwekeni mfukoni kwanza. Najua ni msimu wa kampeni na vidole vinawawasha. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa redio, binti mwenye sauti tamu ajabu. Hata wasiompenda walimsikiliza. Siku moja akaenda kwenye mkutano wa kampeni, uwanja wa soko. Mgombea, jasho likimtiririka, akawanyooshea kidole watu waliotoka ng'ambo ya mto: "Nyinyi wa ng'ambo, mkininyima kura safari hii, fungasheni mhame!"

Mama mmoja wa huko huko ng'ambo akadakia, "Utatubebea magodoro?"

Lo! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgombea naye akacheka mpaka akafuta machozi. Mtangazaji wetu alicheka hata mbavu zikamuuma.

Aliporudi kituoni, mkubwa wake akaisikiliza ile sauti iliyorekodiwa. "Kata hapo," akasema. "Kabla ya kicheko."

"Lakini bosi, walikuwa wanataniana tu."

"Utani nani atausikiliza? Kata!"

Akakata. Kisha akaisoma habari kwa sauti yake ile ile tamu: mgombea atishia kuwafukuza watu wa ng'ambo. Akairudia kila saa. Vituo vingine vikadaka, wachambuzi wakaitwa, kila mmoja akatia chumvi yake. Kufikia alasiri binti anapongezwa kila upande. Nani asingefurahi?

Jioni akashika njia kwenda kumwona mama yake mzazi, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo. Hakufika. Darajani alikutana na watu. Watu, wapendwa! Wenye mbuzi, wenye masufuria, wenye watoto mgongoni, daraja zima limejaa. Hapakuwa na risasi, hapakuwa na moto wala mafuriko. Hakuna aliyewagusa hata kwa ukucha. Kilichowang'oa majumbani mwao ni sauti yake. Akakiogopa kinywa chake mwenyewe kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Na katikati yao, akichechemea kwa goti lake bovu, huyo mama yake, godoro kichwani.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Angesema mwingine ningepuuza. Lakini ulisema wewe."

"Mama, rudi nyumbani! Yalikuwa masihara. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka!"

Mama akalirekebisha godoro kichwani. "Sasa mwanangu, mbona hicho kicheko hukutuletea?"

Jibu la swali hilo mimi sina. Wewe unalo?

Maana msidhani nawasema watangazaji peke yao. Sisi sote siku hizi tuna redio mfukoni. Tunalichukua neno la mwanasiasa, tunalikata pale linapochoma, tunalirusha, na kicheko chake tulikisikia wenyewe! Mimi jambo hili linanitetemesha. Mungu alinena tu, dunia ikawepo. Akatuazima na sisi kinywa, na tazameni nguvu aliyokitia: kinahamisha kijiji kizima bila fimbo. Nani alitudanganya kwamba ni kitu cha kuchezea?

Leo hii, hata kabla hujafika nyumbani, mtu atakutumia maneno makali ya mgombea fulani. Kabla hujayapeleka mbele, jiulize: godoro litabebwa na mama wa nani?