Meneja na Viazi vya Kijani

Wahenga walisema kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Maana yake ni kwamba anayejitafutia balaa kwa mikono yake asitarajie kuonewa huruma. Kaburu, meneja wa ghala moja la viazi huko Kibirichia, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Kosa lake ni kwamba alidhani ilitungiwa watu wengine.

Katika ghala hilo, mkaguzi wa viazi alikuwa Joyline, mama wa watoto watatu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Kiazi kibovu hakikumpita hata kingekuwa cha askofu. Siku moja alikataa magunia sita yaliyopigwa jua hadi viazi vikawa kijani kama majani ya ndizi. Magunia hayo yalitoka katika shamba la Kaburu mwenyewe. Wapakuzi walicheka hadi wakakaa chini, na Kaburu akaapa kwamba Joyline hatamaliza mwezi.

Alimwita Kinoti, afisa wa wafanyakazi, kijana mpole asiyetembea bila kitabu chake cha sheria. Kaburu alimwambia aandike kwamba kampuni inapunguza wafanyakazi, na kwamba kazi ya ukaguzi imekwisha. Kinoti alimweleza kwa adabu kwamba huwezi kutangaza kazi imekwisha huku viazi vikiingia kila asubuhi. Isitoshe, sheria ilidai ilani ya mwezi mzima, kwake Joyline na kwa afisa wa kazi wa serikali, na anayeachishwa achaguliwe kwa haki.

"Basi mfukuze kwa utovu wa nidhamu," Kaburu alisema. "Hiyo ni ya siku moja."

"Hata hiyo, bosi, lazima asikilizwe kwanza. Na ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake anayemtaka."

"Aje na yeyote yule. Andika hivyo, na uandike kwamba mashtaka nitayasoma mimi mwenyewe. Leta kalamu nitie sahihi."

Kinoti alifungua kinywa, akakifunga, akaleta kalamu.

Sasa ni lazima msomaji ajue jambo moja. Miaka miwili nyuma, ili kumfurahisha mkewe Kananu, Kaburu alikuwa amemwajiri mama mkwe wake kuchambua mbegu za viazi. Kwa heshima ya mkwe, hawakuwahi kuketi chumba kimoja. Kaburu aliingilia mlango wa nyuma, na wakikutana uani aliinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza sarafu.

Siku ya kikao Joyline aliingia ofisini. Alikuwa na karo ya watoto kichwani na hakulala vizuri wiki nzima. Nyuma yake aliingia Mama Kananu, kitambaa kichwani, akavuta kiti kilichotazamana na cha meneja.

Kaburu aliruka, akamwaga chai juu ya mashtaka. Hakuketi tena. Alisimama akiutazama ukuta, akajaribu kusoma kwamba mshtakiwa ni mwanamke mwenye kiburi na mdomo mrefu, lakini mbele ya mama mkwe maneno hayo yaligoma kutoka.

"Mwanangu," Mama Kananu aliuliza taratibu, "hivyo viazi vilikuwa vya nani?"

Kumdanganya mkwe ni aibu isiyosafishika.

"Vyangu, mama."

"Na vilikuwa kijani?"

"Vilikuwa, mama."

"Kama vile ulivyoniletea Krismasi?"

Kinoti alijifanya anaandika. Kaburu alisema kwamba mashtaka yamefutwa na Joyline arudi kazini, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Joyline alilia, akacheka, akarudi kwenye viazi vyake.

Kaburu alikwenda nyumbani akitafuta wa kumliwaza. Mlangoni alikuta gunia lake la Krismasi limerudishwa, viazi vimechipua hadi vinachungulia nje. Alimsimulia Kananu yote, jinsi alivyodhalilishwa katika ofisi yake mwenyewe, akangoja.

"Nani alimwajiri mama?" Kananu aliuliza. "Na nani alitia sahihi kwamba Joyline aje na yeyote?"

Kaburu alilivuta gunia lake hadi nyuma ya nyumba, peke yake, wala hakuna aliyemsaidia kulibeba. Naam, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.