Balozi wa Shimoni

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama nao walikuwa na chuo kikuu chao na likizo zao, Nguchiro alirudi nyumbani baada ya muhula wake wa kwanza wa Uhusiano wa Kimataifa. Begi mgongoni, miwani puani, na kichwani maneno makubwa ambayo nusu yake hata yeye mwenyewe hakuyaelewa.

Akamkuta mama yake anafunga mizigo.

"Mama, tunahama?"

"Fisi analitaka shimo letu, mwanangu. Kasema akija jioni asitukute. Na mvua hizo zinakuja, sijui tutalala wapi."

Nguchiro akaiweka sawa miwani. "Mama, haya tumeyasoma. Yanaitwa mizani ya nguvu. Mnyonge hujiunga na mwenye nguvu, adui akaogopa."

"Haya, msomi. Nenda kajiunge."

Akaenda mbio mpaka kwa Chui, akamweleza habari za muungano kwa ufasaha, na mikono akairusha kama mhadhiri wake. Chui alimsikiliza mpaka mwisho, akajilamba.

"Nimekubali. Fisi nitamfukuza. Ila wewe na mama yako, nani atawalinda na mimi?"

Nguchiro akafikiri. "Hilo, mzee, nadhani liko mwaka wa pili."

Fyuu! Akachomoka wala hakuaga. Njia nzima alijilaumu, maana siku ya somo la miungano alisinzia kuanzia salamu hadi mahudhurio.

Alipofika nyumbani, vishindo vya Fisi vilikuwa vimeshaanza kusikika: pu, pu, pu. Somo lililobaki kichwani lilikuwa moja tu, la ubalozi: kwamba nyumba ya balozi haiingiliwi ovyo. Akachukua kanga ya mama yake, akaifunga kwenye kijiti mlangoni iwe bendera, akamvuta mama ndani gizani.

"Tokeni humo," Fisi akanguruma.

"Simama hapo hapo," sauti ikatoka shimoni. "Hapa ni kwa balozi."

Fisi akasimama. Akaitazama kanga, akavua kofia.

"Shikamoo, balozi. Sikujua kama nyumba kumi zetu zimepata balozi mpya."

Nguchiro akafungua kinywa aeleze sheria za mataifa. Mama yake akamfinya.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Anadhani wewe ni balozi wa nyumba kumi, yule wa kusuluhisha majirani. Wewe itikia tu."

"Marahaba," Nguchiro akaitikia kwa sauti nzito. Ilimuuma kuona muhula mzima umepita bure, lakini kuliwa kungemuuma zaidi.

Fisi akaketi. "Afadhali nimekukuta. Namshtaki Nguchiro. Shimo hili nilimwambia mama yake kwamba nalitaka, leo nakuta wamekupa wewe."

"Huyo Nguchiro yuko wapi?"

"Si yuko chuoni, anasoma."

"Basi kesi haisikilizwi upande mmoja. Tutamngoja ahitimu, niwaite wote wawili. Mpaka siku hiyo, mtu asiliguse shimo hili."

Fisi akalipima jambo lile, akaona haki imetendeka.

"Ahsante sana, balozi. Yule aliyepita hata kusikiliza alikuwa hasikilizi." Akaenda zake, pu, pu, pu, akiusifu uongozi mpya kwa kila aliyekutana naye.

Nguchiro akatoka shimoni kifua mbele. "Mama, umeona faida ya masomo?"

"Nimeona," mama akajibu huku akifungua mizigo. "Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Ole wako uhitimu."

Ndiyo maana wenzake leo ni mabalozi wa kweli, wanapanda ndege na kupigiwa saluti, na yeye Nguchiro bado yuko mwaka wa kwanza. Kila mtihani ukija, maswali mengine anayakosa kwa makusudi. Mengine, tuseme kweli, si kwa makusudi.

Basi shikeni hili, wanangu: anayeokolewa na uongo hana budi kuulea.