Fisi Aliyevunja Kikosi cha Pili

Paukwa!
— Pakawa.
Palikuwa na shimo.
— Tulichungulie.
Chungulieni, lakini msisukumane. Akitumbukia mtu, mimi sishuki.

Hapo kale wanyama walikuwa na vikosi viwili vya uokoaji. Kikosi cha kwanza ni Fisi. Mtu akitumbukia shimoni, Fisi hujifunga kamba kiunoni, hushuka, hupanda naye. Kikosi cha pili ni Nguchiro na ndugu zake sita. Hao hukaa juu wameshika kamba, ili mwokoaji akikwama, wamwokoe yeye. Chakula waligawana sawa.

Fisi akachoka kugawana. "Anayekaa hafanyi kazi. Asiyefanya kazi hali."

Siku ya kwanza akala fungu lao. Siku ya pili akala. Siku ya tatu akasema, "Kikosi cha pili nimekivunja. Kamba nitaifunga kwenye kisiki."

"Sawa, mzee," alisema Nguchiro.

Siku ya nne Digidigi akatumbukia: tii! Fisi akafunga kamba kisikini, akashuka. Alipomwona Digidigi, mate yakamtoka: chwi, chwi. Nguchiro aliyasikia kutoka juu.

"Mzee, vipi huko?"

"Mimi mzima. Huyu naona hatapona."

"Sijaumia popote," alisema Digidigi.

"Nyamaza, mgonjwa."

Nguchiro akasema, "Mzee, mila unaijua. Mwokoaji akikwama, hupewa mbuzi mzima wa pole. Wewe hujakwama hata mara moja, ndiyo maana hujamla."

Fisi akapima. Digidigi ni mifupa. Mbuzi ni mbuzi.

"Nimekwama," akasema.

"Na kamba kiunoni? Nani atasadiki? Mfunge huyo mgonjwa."

Fisi akaifungua kamba, akamfunga Digidigi. Nguchiro na nduguze wakavuta: kwaru, kwaru, kwaru. Digidigi huyo, kichakani.

"Sasa mimi. Kikosi cha pili, vuteni."

"Kilivunjwa, mzee."

"Na nyie hapo juu ni nani?"

"Sisi tumekaa tu."

Udongo ukaanza kumomonyoka: poro, poro. Ukafika magotini. Ukafika kiunoni.

"Ndugu zangu," alisema Fisi, "anayekaa anafanya kazi."

"Rudia. Mdogo wangu hakusikia."

Akarudia mara saba, kila nguchiro mara yake. Ndipo kamba ikashuka. Fisi akatoka, akajikung'uta.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Tumeshamla," alisema Nguchiro. "Asiyekaa hali."

Ngano imetoka shimoni, kamba naikunja.

Funzo lake, na silirudii: anayekaa na kushika kamba ni mvivu, msimpe chakula. Mimi nimekaa tangu mwanzo, lakini mimi ni mgeni. Leteni sahani.